Punje za alumini ya kusubu: kutafuta chanzo cha ubovu kwa kutazama mvunjiko

Karakana nyingi za Mtwara na Lindi zinasubu alumini ya vyuma chakavu: puli za mashine za kusaga na za kubangua korosho, vifuniko vya injini za boti, vipuri vya bomba za kupulizia salfa kwenye mikorosho, na sufuria. Kitu kikikatika kabla ya wakati wake, lawama ya kwanza huiangukia skrepa. "Alumini mbaya hii." Mara nyingi skrepa haina kosa. Kosa liko kwenye jinsi alumini ilivyoganda, na ushahidi upo palepale kwenye mvunjiko, kwa yeyote atakayeutazama kabla hajautupa tena chunguni.

Kwanza tuelewane kinachotokea ndani ya kalibu. Alumini safi huganda ikifika nyuzi 660 za Selsiasi. Aloi, yaani alumini iliyochanganywa na kitu kingine, yenye silikoni kama asilimia 7, ile ya rimu nyingi za magari, huanza kuganda karibu nyuzi 615 na kumalizia chini ya 580. Haigandi yote kwa mpigo. Viini vidogo mno hujitokeza kwanza, hasa penye ubaridi au penye chembe ngumu inayoelea humo. Kila kiini hukua kuwa punje moja, nayo hukua kwa kutoa matawi yanayoitwa dendraiti, mpaka igongane na punje ya jirani. Viini vikiwa vingi, punje hubaki ndogo. Vikiwa vichache, kila punje hujitanua inavyotaka, na uchafu wote unaokataliwa na matawi husukumwa mipakani.

Kwenye kitu kinene kuna kanda tatu. Ukutani mwa kalibu pana ngozi ya punje ndogo kwa sababu pamepoa ghafla. Nyuma yake kuna punje ndefu zilizosimama kuelekea ndani, zikifuata njia ambayo joto linatokea. Katikati, mambo yakienda vizuri, zinakuja punje fupi zisizo na upande. Kazi ya msubuji ni kuifanya kanda hiyo ya tatu iwe kubwa na punje zake ziwe ndogo.

Waliosoma habari za metali watakumbuka Hall na Petch, walioonyesha kwenye chuma miaka ya 1951 na 1953 kwamba punje zikiwa ndogo nguvu huongezeka. Kwenye alumini ya kusubu faida hiyo ya nguvu ipo lakini si kubwa kama ya chuma. Faida kubwa zaidi ni kwamba punje ndogo huruhusu alumini iliyoyeyuka kupenya hadi dakika za mwisho, hupunguza nyufa za motoni (zinazotokea kabla alumini haijaganda yote), na matundu yakitokea huwa madogo yaliyotawanyika badala ya kukusanyika mahali pamoja.

Kijiti cha kujaribia

Kila chungu unachoyeyusha, mimina kijiti kimoja pembeni kwenye mchanga uleule wa kazi: unene wa kidole gumba, urefu wa shubiri. Kikipoa, kikate kwa msumeno wa chuma hadi theluthi ya unene, kibane kwenye jiliwa, kipige nyundo kwa nguvu. Alumini ya waya za umeme au ya sufuria itapinda kwanza. Ipinde huku na huku mpaka ikatike. Peleka mvunjiko juani, uinamishe taratibu, na ukiwa na kioo cha kukuzia kitumie. Usiuguse kwa vidole vyenye oili, maana rangi nayo ni ushahidi. Andika kwa chokaa juu ya kipande: skrepa gani, iliyeyuka saa ngapi, ilimiminwa saa ngapi. Bila maandishi hayo, baada ya wiki moja una rundo la vipande visivyo na habari yoyote.

Dalili: mvunjiko unametameta kama sukari, punje zinaonekana kwa macho

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na chanzo chake kikuu ni moto uliopitiliza. Alumini ikipashwa mbali juu ya kiwango chake cha kuyeyuka, vipande vidogo vya matawi vinavyong'oka ukutani wakati wa kumimina, ambavyo vingekuwa viini vipya katikati, huyeyuka tena kabla havijafanya kazi. Kalibu nayo hupata joto jingi, kuganda kunachelewa, na viini vichache vilivyobaki vinajigawia eneo lote.

Kwa kitu kinene, nyuzi 680 hadi 720 zinatosha. Kwa kuta nyembamba unaweza kupanda hadi karibu 740. Kipimajoto cha waya cha aina ya K chenye kisomeo cha tarakimu hakina bei ya kutisha ukilinganisha na mkaa unaoteketea bure, na ningemshauri fundi akinunue kabla ya kununua blowa kubwa zaidi. Asiye nacho ajue hili: alumini iliyo tayari kumiminwa haionyeshi wekundu mchana kweupe. Ukiiona nyekundu huku jua linawaka, umeshapitiliza.

Lakini moto si chanzo pekee, kwa hiyo usiukamate kwa kukisia. Fanya hivi kwa chungu kimoja. Mimina kijiti cha kwanza kwa joto lako la kawaida. Acha chungu kipoe kidogo, ukoroge taratibu, mimina cha pili. Kisha mimina cha tatu kwenye kipande cha pembe ya chuma kilichopashwa vizuri mpaka unyevu wote ukaisha (chuma chenye unyevu kitairusha alumini usoni mwako, sitanii). Sasa vunja vyote vitatu. Cha pili kikiwa laini kuliko cha kwanza, yaani punje zake ni ndogo zaidi, tatizo ni joto la kumiminia. Cha pili kikiwa kama cha kwanza lakini cha chuma kimetoka laini, tatizo ni upoaji wa polepole: kalibu yako ni nene mno, kavu na ya moto, au kitu chenyewe ni kinene na kinahitaji kipozeo, yaani kipande cha chuma kikavu kilichofukiwa mchangani kugusana na sehemu nene. Vyote vitatu vikiwa na punje kubwa, basi viini vyenyewe havipo.

Kwa ukosefu wa viini, viwandani hutia aloi ya titani na boroni, mara nyingi yenye asilimia 5 ya titani na 1 ya boroni. Chembe za titani na boroni haziyeyuki kwenye joto la kazi, na juu yake punje za alumini huanzia kwa urahisi. Kwetu kusini si kitu cha kwenda kuchukua dukani jioni. Ila rimu za magari nyingi tayari zina titani kidogo iliyotiwa kiwandani, na ndiyo maana kuchanganya rimu kwenye chungu mara nyingi huleta mvunjiko laini zaidi. Chembe hizo ni nzito kuliko alumini. Chungu kikikaa bila kukorogwa zinazama chini, na anayemimina kutoka juu anamimina alumini isiyo nazo. Koroga taratibu kutoka chini dakika chache kabla ya kumimina, bila kuvunjavunja ngozi ya juu na kuizamisha. Silikoni ikiwa nyingi dawa hii hupungua nguvu, kwa hiyo aloi za pistoni zisitarajiwe kuitikia kama alumini ya fremu za madirisha.

Njia nyingine isiyo na gharama: gonga au tikisa kalibu kwa upole wakati alumini inaanza kuganda. Matawi yanavunjika, na kila kipande kinakuwa kiini. Kwa kalibu ya chuma inafaa sana. Kwa ya mchanga, angalia usije ukauangusha mchanga ndani.

Dalili: nyuzi ndefu zinazotoka ukutani na kukutana katikati

Hizi ni zile punje ndefu za kanda ya pili, zimekimbia mpaka mwisho bila kukutana na kizuizi. Moto uliopitiliza tena, pamoja na alumini iliyo safi mno. Waya za umeme zikiyeyushwa peke yake hufanya hivi karibu kila mara.

Ubaya wake uko kwenye kona. Kuta mbili zikikutana kwa pembe kali, nyuzi za ukuta huu na za ule zinakutana kwenye mstari mmoja wa mshazari, na uchafu wote unaswagwa hapo. Kishikio cha bomba la salfa kinachopasuka konani kila msimu kimepasuka kwenye mstari huo. Usikiongezee unene. Zungusha kona ya ndani kwenye modeli (umbo unalolifukia mchangani kutengenezea kalibu) kwa nta au udongo uliokauka, mviringo angalau wa nusu ya unene wa ukuta, na shusha joto la kumiminia. Nimeona kifuniko cha injini ya boti kikipona kwa kona tu, skrepa ikiwa ileile.

Dalili: ufa kwenye maungio ya mkono wa puli na kitovu, umeshatokea kabla hujaifukua

Uangalie uso wa ufa. Ukiwa mweupe unaong'aa, umepasuka ikiwa baridi, pengine kwa nyundo au kwa kufukuliwa mapema kwa pupa. Ukiwa na rangi iliyofifia, kijivu au njano ya vumbi, na ukiona kwa kioo vijivimbe vya mviringo vilivyopangana, huo ni ufa wa motoni. Vijivimbe hivyo ni ncha za matawi ya dendraiti. Vilitengana wakati bado kati yao kulikuwa na utando wa alumini iliyoyeyuka, na hewa ikaingia ikauchafua uso.

Sababu yake ni hii. Alumini inapoganda hupungua ujazo kwa asilimia 6 hadi 7, na ikishaganda huendelea kujikunyata kama milimita 13 kwa kila mita mpaka ipoe. Mikono myembamba ya puli imeganda kwanza na inavuta. Kitovu kinene bado ni laini. Mchanga wa katikati umeshindiliwa kama jiwe na haukubali kubonyea. Kitu dhaifu kuliko vyote ni utando ulio mipakani mwa punje, nao ndio unaoachia.

Aloi inayoganda kwa muda mrefu, yenye shaba au magnesi nyingi na silikoni kidogo, ndiyo inayoumia. Makopo ya soda na fremu za madirisha zipo kundi hilo. Pistoni na vichwa vya injini, zenye silikoni kati ya asilimia 7 na 12, zinaganda kwa utulivu zaidi na kujaza nyufa zao wenyewe. Kwa puli, tenga pistoni, vichwa vya silinda na rimu; makopo yaache kabisa. Usishindilie mchanga wa kati kupita kiasi. Weka kipozeo kwenye kitovu ili kigande pamoja na mikono, au weka akiba ya alumini juu yake, nene kuliko kitovu chenyewe, ikilishe mpaka mwisho.

Zinki nayo huleta nyufa hizi. Miili ya kabureta nyingi ni ya zinki. Shika mkononi, uzito wake utaujua mara moja, ni kama mara mbili na nusu ya alumini ya ukubwa uleule. Ukikuta kasha la injini jepesi kuliko kawaida, dondoshea siki sehemu uliyokwangua. Ikichemka kwa povu, ni magnesi, usiitie motoni, huwaka kwa moto usiozimika kwa maji.

Dalili: vitundu ndani baada ya kukata au kuchonga

Usianze dawa kabla ya kujua ni vitundu gani. Vya mviringo, laini na vinavyong'aa ndani ni vya gesi. Vyenye kingo za kuparuza, vilivyojipinda, na matawi yanayoonekana ndani, ni vya kukosa kulishwa: rudi kwenye akiba na kipozeo, hutapata nafuu kwa kukausha skrepa.

Gesi yenyewe ni haidrojeni, na huku pwani yetu ina vyanzo kila upande. Alumini iliyoyeyuka inameza haidrojeni karibu mara 20 ya ile inayoweza kubaki nayo ikiganda. Inayozidi hufukuzwa mbele ya matawi yanayokua na kujikusanya kati ya punje kama mapovu. Inatoka kwenye maji: alumini hunyang'anya maji oksijeni yake, haidrojeni inabaki ndani ya chungu. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua zinaponyesha, mkaa uliolala nje, skrepa yenye umande, koleo na kijiko visivyopashwa, vyote ni maji. Mchanga wa ufukweni ni mtihani wa peke yake, kwa sababu chumvi ya bahari iliyomo huvuta unyevu hewani hata baada ya kuukausha. Chukua mchanga wa mtoni au wa bara, uchanganye na udongo wa mfinyanzi, na maji kidogo tu, ukiukamata ushikane bila kulowesha kiganja.

Wengi sasa wanachoma maganda ya korosho kwa sababu yanapatikana bure na yana mafuta yanayowaka vikali. Moto wake ni mzuri. Ila mafuta yale yakiungua hutoa mvuke wa maji, kama ilivyo kwa oili chafu na hata kwa gesi, ya mtungi au asilia. Ndimi za moto zisipite juu ya uso wa alumini. Jenga tanuri moto uzunguke chungu na utokee pembeni, na chungu kiwe na kifuniko.

Kujua kama gesi imo, mimina kidogo kwenye kikombe cha udongo kikavu kilichopashwa, kiache kigande taratibu huku ukikitazama. Uso ukizama katikati, gesi ni kidogo. Ukibaki tambarare au kuvimba, na vipovu vidogo vikichungulia dakika za mwisho, usimimine kazi ya mteja. Acha chungu kishuke polepole mpaka kikaribie kuganda, kisha kipandishe haraka hadi joto la kumiminia; sehemu ya gesi itakuwa imetoka. Mwenye mtungi wa agoni wa kuchomelea anaweza kupitisha mapovu madogo chini ya chungu kwa bomba la grafiti lililopashwa, na matokeo yake ni mazuri zaidi.

Dalili: asubuhi vitu vizuri, jioni vibovu, skrepa ni ileile

Chungu kimekaa motoni mno. Chembe za viini zimezama, haidrojeni imeongezeka, na kama chungu ni cha chuma, chuma chenyewe kimekuwa kikiyeyukia ndani. Yeyusha kiasi cha kazi iliyopo, umimine, uanze upya.

Dalili: kigumu, kinakatika bila kupinda, mvunjiko wa kijivu

Ukiona vibamba vyembamba vinavyong'aa kama vimekatwa kwa kisu, shuku chuma. Aloi ya silikoni ikiwa na chuma kingi huota sahani nyembamba ndefu zinazokata katikati ya punje. Huwezi kuzitoa chunguni kwa vifaa vya karakana. Unazizimua kwa skrepa safi, na unazuia nyingine kwa kupaka chungu na vijiko udongo mweupe au grafiti, na kwa kung'oa boliti na vibanio vya chuma kabla ya kuyeyusha. Manganizi hupunguza makali yake kwa kuzigeuza umbo, kwa kiasi cha kama nusu ya chuma kilichopo, lakini bila maabara kipimo hicho hukijui.

Kijivu cheusi chenye vimeremeta vidogo kila mahali kwenye aloi ya pistoni kwa kawaida ni silikoni iliyoota vipande vikubwa. Aladar Pacz alipata hataza nchini Marekani mwaka 1921 kwa kuitibu kwa sodiamu, na siku hizi strontiamu hutumika sana. Chumvi ya mezani haitoi sodiamu hiyo, ingawa wapo wanaoitumia kwa imani hiyo. Kazi yake ni kusaidia kutenga takataka za juu, na ikiwa haijakaushwa inaongeza maji. Karakana isiyo na dawa hizo itegemee upoaji wa haraka: kalibu ya chuma iliyopakwa na kupashwa, au kuta nyembamba.

Dalili: kingo hazikujaa, mikondo miwili haikuungana

Hapa ndipo wengi wanapopandisha moto, na punje kubwa zinaanzia hapo. Kabla ya kugusa blowa, panua mlango wa kumiminia, mimina bila kusitasita, toboa matundu ya kutolea hewa, ongeza pistoni kwenye mchanganyiko. Moto uwe wa mwisho, na uongezwe nyuzi 20 kwa wakati.

Kuziona punje zenyewe

Mvunjiko ukikuacha njia panda, kata kipande kwa msumeno, kisugue kwa tupa kisha kwa misasa kuanzia ya kuparuza hadi laini kabisa, na maji. Tumia kostiki soda ya kutengenezea sabuni: gramu 10 hadi 15 katika mililita 100 za maji. Soda itiwe kwenye maji, si maji kwenye soda. Chombo kiwe cha plastiki, glavu na miwani viwepo, mahali pawe wazi na pasipo moto wala sigara, kwa kuwa alumini na kostiki hutoa haidrojeni. Zamisha dakika chache, suuza kwa maji mengi, pangusa masizi meusi. Punje zitajitokeza kila moja na kivuli chake, nyingine angavu, nyingine za giza, na zinabadilishana ukigeuza kipande juani.

Kata vipande viwili vya puli ileile, kimoja cha mkono na kimoja cha kitovu, uvilaze sambamba. Punje za kitovu zikiwa kubwa kidogo, ni kawaida, pamepoa polepole. Zikiwa kubwa mara nyingi zaidi ya zile za mkono, kipozeo cha kitovuni hakikugusana vizuri na alumini au ni kidogo mno, na ndicho cha kuanza kurekebisha kwenye puli inayofuata.